Kura Juu ya Mke wa Anselme

Corentin alikuja amebeba bunduki mbili, na moja mtutu wake ulikuwa umeelekea chini. Nilimwona kupitia moshi tangu alipotokeza pale njia inapouacha ufuko na kupanda kwetu, na ile ya mtutu chini niliijua ni ya nani, maana kitako chake nilikuwa nakisugua kwa mafuta ya nguruwe kila Jumapili. Nyama ilikuwa juu ya uchaga. Ilikuwa imefika pale inapotaka kugeuzwa. Ukichelewa, mafuta yanadondokea makaa, moto unaruka, na kazi yote inaishia kuwa masizi. Basi nikageuza. Niligeuza kipande kimoja kimoja mpaka mwisho wa uchaga, na nilipoinua uso alikuwa amesimama upande wa pili, mbwa wakimnusa magoti kisha wakitazama njia nyuma yake.

"Shemeji," alisema, "Anselme ametutoka."

Nikamuuliza kama kapteni atataka nyama yote au nusu.

Aliwasukuma mbwa kwa goti. Kisha akasema yote, kwa kuwa wanatoka tena mwezi ukiandama. Nikasema basi kuni hazitatosha. Akaziegemeza bunduki ukutani, akachukua shoka, akaenda kupasua kuni nyuma ya nyumba. Ndivyo tulivyoomboleza siku ile.

Wanawake waliokuja Tortuga baada yangu walipenda kuniuliza kama nililia. Waliuliza kwa upole, wakitaka niseme ndiyo. Sikulia. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha: uko pale, unauona ni wako, lakini ukiugusa ni kama unamgusa mtu mwingine. Watu wanadhani ganzi ni kutokuwa na moyo. Mimi nadhani ni moyo uliojificha mpaka ujue kwanza kama kuna mahali pa kukaa.

Mahali pa kukaa ndilo lililokuwa jambo lenyewe, na nililijua nilipokuwa bado na kijiti cha kugeuzia nyama mkononi.

Kwetu mwanamume hakuishi peke yake. Alikuwa na mwenza. Wawili walikula chungu kimoja na kulala chini ya paa moja. Mmoja akienda baharini kuvizia merikebu za Wahispania, mwingine alibaki kuwinda ng'ombe na nguruwe mwitu kule ng'ambo, kwenye kisiwa kikubwa. Mmoja akifa, vyake vyote vilikuwa vya mwenzake. Kasisi hakuhusika, wala gavana. Uenza wa watu wale ulikuwa mzito kuliko ndoa, na ulikuwepo kabla ndoa haijafika kisiwani. Anselme na Corentin walikuwa wenza tangu ujana wao. Mimi niliwakuta.

Niliwakuta siku niliyosimama kwenye sitaha pamoja na wasichana wenzangu wa nyumba ya mayatima ya Dieppe, tumeoshwa nyuso na kuvikwa vitambaa vyeupe vichwani. Gavana alikuwa amechoka na wanaume wasiokuwa na sababu ya kurudi nyumbani, akaagiza wanawake. Nahodha alitaka ngozi za ng'ombe kufidia nauli ya kila mmoja wetu. Anselme na Corentin walikuja pamoja, wakanizunguka, mmoja upande huu na mwingine upande ule, kimya, kama watu wanaoangalia mtumbwi kama unavuja. Kisha wakarusha dadu juu ya kifuniko cha pipa. Anselme akashinda. Corentin akapiga paja akacheka.

"Basi," akasema, "mimi nimepata shemeji."

Na kweli, hakunigusa hata siku moja. Anselme alinichukua pembeni, akagonga mtutu wa bunduki yake kwa kucha na kuniambia kwamba nilikotoka hataniuliza, na mimi nisimuulize alikotoka. Tutaanza kudaiana kuanzia hapo. Nikasema sawa. Nilikuwa nimechoka na bahari, ningesema sawa kwa lolote.

Alikuwa mtu wa kunyamaza, mwenye mikono mikubwa, anayekula amesimama. Alinipiga mara moja na akaniomba radhi mara moja, na kwa pwani ile watu walimwona mstaarabu. Sijui kama nilimpenda. Nilijua hatua zake, nilijua akikohoa nje ni kwamba ameleta nguruwe mnono na anataka nitoke nikaone. Nilikuwa natoka, naona, nasema, "Huyu ana mafuta," naye anaridhika.

Kazi ilikuwa nyama. Watu wakisikia habari za maharamia wanafikiri mapanga na masanduku, lakini hakuna aliyewahi kumteka Mhispania akiwa na njaa. Kabla ya kila safari manahodha walipanda kwetu kutafuta nyama ya kubanika, mafuta na tumbaku, wakabonyeza vipande kwa vidole gumba, wakasema ni vikavu mno, nami nikasema basi nendeni mkanunue vibichi mle na funza wake. Waliporudi walilipa kwa chochote walichokipata. Niliwahi kupewa kitambaa cha altare kwa kibuyu cha mafuta, nilikifanya shuka. Tulikuwa na kinara cha fedha cha kanisani ambacho Corentin alikitundikia kofia. Sisi tuliona ni vyombo tu.

Siku ya pili baada ya Corentin kurudi, alikuja Mgawaji wa merikebu na wazee wawili kukabidhi urithi. Mgawaji ndiye aliyegawa nyara na chakula na kuamua ugomvi mdogo. Jina lake sijui kama alikuwa nalo, sote tulimwita Pua kwa sababu ya kipande alichopungukiwa. Alikuwa na fimbo. Alipita nyumbani akigusa kitu kimoja kimoja kwa ncha yake, na kila alipogusa Corentin alipaswa kusema neno moja.

Akagusa bunduki. "Yangu," akasema Corentin. Akagusa chungu, shoka, ngozi zilizotandikwa juani, mtumbwi uliopinduliwa chini ya mti. Changu, langu, zangu, wangu. Mbwa walisogea fimbo ilipowakaribia, Pua akawaelekezea kwa mbali, nao wakawa wa Corentin. Corentin alisema maneno yale kwa sauti ya chini, kama mtu anayekiri kosa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikipepeta chumvi. Fimbo ikaja mpaka kwangu, ikasimama hewani karibu na kiuno changu, haikunigusa.

"Na huyu?" Pua akauliza.

Mzee mmoja akacheka, kisha akaona wenzake hawacheki. Ukweli ni kwamba hakuna aliyejua. Wanawake tulikuwa wachache na wapya, na mume wa kwanza kufa akiwa na mwenza alikuwa huyu wangu. Walikuwa na utaratibu wa jicho lililopotea, wa mguu uliokatwa, wa aliyeiona merikebu kwanza, hata wa aliyemwibia mwenzake baruti. Wa mke hawakuwa nao. Pua akajikuna pale pua ilipoishia, akasema jambo lenye shaka linaamuliwa na baraza, na baraza litakaa alasiri ufukweni.

Nilimaliza kupepeta chumvi. Nilishuka nao.

Walitandaza tanga kuukuu juu ya miti minne wapate kivuli. Walikuja wengi kuliko ilivyohitajika, kwa kuwa hapakuwa na kazi na pipa la mvinyo lilikuwa wazi. Domingo, mtu mweusi wa Pua, alipita katikati yao na mtungi akiwajazia vikombe. Mimi niliambiwa nikae juu ya kamba zilizokunjwa, pembeni, palipokuwa na jua. Anayesema katika baraza ni yule mwenye fungu katika safari, na mimi sikuwa na fungu. Nyama yangu ndiyo iliyokuwa nalo, na mwenye nyama alikuwa Anselme.

Niliwasikiliza wakinijadili. Nasema kweli, nilisikiliza kama mtu anayesikia habari za ng'ambo. Mmoja alisema mke ni kama paa, anakwenda na nyumba. Mwingine alisema kasisi hatakubali, akaulizwa kasisi mara ya mwisho alimwona lini. Corentin alikaa ameinamisha kichwa akichimba mchanga kwa kisigino.

Pua ndiye aliyeleta neno zito. "Mwenzangu Bazile alipokufa nilimrithi Domingo," alisema. "Hakuna aliyeita baraza."

"Domingo alinunuliwa," mtu akamjibu.

"Na huyu je? Anselme alimtolea nahodha ngozi. Mimi mwenyewe nilisaidia kuzibeba, mgongo unaniuma mpaka leo."

Hapo wengi wakatikisa vichwa kukubali, na nikaona mambo yamekwisha. Nilianza kufikiria vitu vidogo: kwamba Corentin anakoroma, kwamba chumvi imebaki kidogo. Kisha akasimama Yvon, mtu mwembamba wa mizinga, mwenye makovu ya mijeledi shingoni ambayo hakuyaficha.

"Ngojeni kidogo," alisema. "Hata mimi nilitolewa ngozi. Nilishushwa kwenye ufuko huu huu, nahodha akaniuza kwa mtu wa tumbaku, miaka mitatu nimelala na nguruwe wake. Nusu yenu mliuzwa, msijifanye mmesahau. Kama aliyewahi kutolewa ngozi ni mali, niambieni sasa hivi, mimi ni wa nani?"

Aliposema maneno ya mwisho alikuwa amenyoosha mkono wenye kikombe bila kuangalia, na Domingo akakijaza. Alikijaza mpaka ukingoni pasipo kumwaga hata tone, akainua mtungi, akaenda kwa mwingine. Hakuna aliyemgeukia. Mimi nilimwona, naye aliona kwamba nimemwona, nikayaondoa macho. Siku ile sikuwa na nguvu ya kumbeba mtu mwingine. Baadaye, miaka mingi baadaye, nilikuwa nayo, na ilikuwa bure, alikuwa ameshauzwa Jamaika.

Pua akagonga pipa. Wanaosema mwanamke ni mali ya marehemu wasimame upande wa bahari, wanaosema si mali wasimame upande wa miti. Mwenye faida asipige kura. Wakainuka wakijikung'uta mchanga. Corentin alibaki peke yake katikati, karibu na pipa. Wengine walikwenda upande mmoja, wakamwona Yvon anavyowatazama, wakavuka upande wa pili wakijifanya wanatafuta kivuli. Walikuwa wengi upande wa miti. Hawakusimama pale kwa ajili yangu. Kila mmoja alikuwa anajipigia kura mwenyewe, na ile miaka yake mitatu.

Wakashangilia. Walikuwa watu wa kupenda uhuru, na mchana ule walikuwa wametoa uhuru bila kutokwa na jasho. Walikunywa kwa afya yangu. Mmoja wao, simjui, alikuja mpaka kwenye zile kamba akaniinamia kwa heshima.

"Hongera, bibiye," alisema. "Wewe si chungu."

Nilimshukuru.

Tulipanda njia na Corentin, yeye mbele, mimi nyuma. Nilikuwa katikati ya mlima nilipoelewa walichonipa. Kitu kinarithiwa, na mrithi anarithi. Mimi sasa sikuwa kimojawapo. Kama wangesema ni mali, ningekuwa na paa kama mbwa walivyokuwa na paa. Kwa kuwa mimi ni mtu, na mtu asiye mwenza wa yeyote, chungu nilichokisugua hakikuwa changu, wala uchaga nilioujenga kwa mikono yangu Anselme akiwa baharini, wala shuka yangu ya altare. Gauni nilikuwa nalo kwa sababu Pua aliona aibu kuligusa. Watu wale waliweza kufikiria kila namna ya kutomilikiwa, na hawakuwahi kufikiria mwanamke atalala wapi. Walirudi kwenye mvinyo wakiamini wamenitendea wema mkubwa.

Corentin aliingia. Mimi nilisimama nje, mahali fimbo iliponikuta asubuhi.

"Ingia, shemeji."

"Nyumba ya nani?"

"Usianze na hayo." Alivua kofia, akakitafuta kinara, akaitundika. Alionekana amechoka kuliko aliporudi baharini. Akasema hanifukuzi, namjua, yeye si mtu wa namna hiyo. Nikae tu, na matanga yakiisha, kama sitaona vibaya, tutamtafuta kasisi. Alisema, "Nitakuoa, usiwe na wasiwasi," kwa sauti ya mtu anayemfunika mwenzake blanketi. Na nilijua anasema kweli. Alikuwa mtu mwema. Ndilo lililonitisha, kwa kuwa mtu mwema naye anakufa, na nyuma yake angekuja mwenza mwingine, na fimbo.

"Ungesimama upande gani?" nikamuuliza.

Alifikiri. "Sijui, shemeji. Nashukuru hawakuniuliza."

Nilimheshimu kwa jibu lile kuliko kwa ile ahadi ya ndoa.

"Sitaki kuolewa," nikasema. "Nataka uenza."

Alicheka kidogo, kisha akaona mimi sicheki. "Uenza ni wa wanaume."

"Nani kasema? Mmepiga kura?"

Akakaa kwenye kizingiti. Akauliza kama nitawinda. Nikamwambia yeye ndiye anayewinda, mimi nabanika. Yeye akienda baharini, nyama inabaki na nani, na manahodha wanabishana na nani? Anselme alikuwa mwenza wake wa mwituni, lakini nyama iliyomlisha katika kila safari ilipita mikononi mwangu, na mbwa wananisikia mimi kuliko yeye. Sikuongeza sauti. Nilisema kama ninavyosema na nahodha anayebonyezabonyeza kipande. Na akikataa? aliuliza. Nikamwambia akikataa nitashuka ufukweni kama nilivyo, maana mimi si chungu, na nyama iliyoko kwenye uchaga ataigeuza mwenyewe.

Wakati huo Pua akatokea, anahema, anataka kujua nyama ya kapteni itakuwa tayari lini. Corentin akamweleza. Pua alisikiliza akajikuna.

"Mwanamume na mwanamke, chungu kimoja, paa moja," alisema. "Hiyo kwetu tunaiita ndoa, mwanangu."

"Ndoa nimeshaionja, Mgawaji. Imeniachia gauni hili."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema kwa kusitasita kwamba hajui neno linalokataza, maana hakuna aliyewahi kulifikiria, na kama ni kuita baraza tena yeye miguu haina nguvu. Pua na mbwa wakamtazama Corentin.

Corentin alikuwa anatazama mikono yake. "Nikifa kule nje," alisema polepole, "hakuna wa kupelekewa bunduki yangu. Tangu juzi nalifikiria hilo tu." Akaniangalia. "Anselme angecheka sana."

"Angecheka," nikasema.

Tulishika kisu kimoja, mkono wake juu ya wangu, tukakata kipande kwenye uchaga, kikiwa bado na moto, Pua akiwa shahidi. Corentin alisema maneno yanayosemwa: "Nikifa, vyangu vyako." Ikawa zamu yangu. Nilikuwa natafuta vitu vyangu ni vipi. Nilipekua kichwani kama mtu anayepekua mfuko: gauni, sindano moja, viatu vya mti vilivyopasuka.

"Sema tu," Pua akanong'ona, si kwa ukali. "Wote tulianza hivyo hivyo."

"Nikifa," nikasema, "vyangu vyako."

Pua akatema mate chini kuthibitisha, akachukua kipande chake cha ushahidi na kuondoka nacho akikipuliza. Tulimsikia akishuka njia, mawe yakiviringika chini ya miguu yake, mpaka hatukumsikia tena. Corentin aliingia ndani, akaichukua ile bunduki ya Anselme na kuiweka karibu na mlango, upande niliozoea kulala.

"Haya, mwenzangu," alisema, na jina hilo jipya lilimpa tabu kidogo. "Kuna lingine?"

Nikamuuliza Anselme alikufaje.

Akaja akakaa tena kizingitini, akasogea kuniachia nafasi, akaanza mbali kabisa, tangu asubuhi waliyotweka tanga. Nami nikakaa chini.